Asubuhi Hii ni ya Nani?

Nilijua kwamba Ubungo kuna foleni miaka mingi kabla sijaiona Ubungo yenyewe. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja, naishi Kilwa Masoko, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilitumwa chapati kwenye mgahawa mmoja jirani na stendi. Ndani ya mgahawa kulikuwa na televisheni iliyofungwa juu ya kabati la vitafunwa. Mtangazaji alikuwa akisema magari hayatembei kuanzia Kimara, waendao mjini watafute njia nyingine. Wanaume waliokaa na vikombe vyao vya chai walitikisa vichwa kwa huruma ya kweli. Mmoja akasema, "Poleni jamani, watu wa Dar." Nje, barabara yetu ilikuwa na baiskeli mbili, mbuzi, na basi moja lililokuwa likipasha injini.

Nimeukumbuka mgahawa ule mara nyingi tangu niwe mtu mzima, kwa sababu baadaye nilipata kukaa upande wa pili wa ile televisheni. Mwaka 2019, nikiwa chuoni, nilifanya mafunzo kwa vitendo katika kituo kimoja cha Dar es Salaam ambacho sitakitaja, kwenye kipindi cha asubuhi. Kuna jambo nililifanya pale, dogo sana kwa kipimo cha saa, ambalo limenifanya nijiulize swali ambalo sikufundishwa darasani: anayeipanga asubuhi ya watu wengine anawadai nini, na anadaiwa nini?

Nianze na umbo la kitu chenyewe. Kipindi cha asubuhi cha televisheni si cha asili kama jua. Kina mwanzo wake. Januari 1952, shirika la NBC la Marekani lilianzisha kipindi kiitwacho Today, na mtangazaji wake wa kwanza alikuwa Dave Garroway. Wengi walidhani ni kichekesho, maana nani angekaa kutazama televisheni asubuhi? Jibu la waanzilishi lilikuwa kwamba hakuna atakayekaa. Watu watakuwa wananyoa ndevu, wanavaa, wanafunga mikoba ya watoto. Kwa hiyo habari zikawa fupi na zikarudiwa, saa ikaonyeshwa waziwazi, hali ya hewa ikatajwa tena na tena, na katikati yake wakachanganya mazungumzo na vichekesho. Mwaka 1953 wakaongeza hata sokwe mtu, J. Fred Muggs, na watazamaji wakaongezeka. Uingereza ilichelewa sana. BBC ilianza Breakfast Time Januari 1983.

Sisi tulilichukua umbo hilo na kulitia vitu vyetu. Jambo Tanzania ya TBC1, Kumekucha ya ITV, Baragumu ya Channel Ten, Clouds 360 ya Clouds TV: ukivitazama kwa wiki moja utaona mifupa inafanana. Kuna salamu, kuna magazeti mezani, kuna mgeni wa studio, kuna ujumbe wa watazamaji. Magazeti ndiyo hasa alama yetu. Mtangazaji anayashika mmoja baada ya mwingine, anasoma kichwa kikubwa, anageuza, anacheka kidogo na mwenzake, anaendelea.

Kazi yangu kama mwanafunzi ilikuwa kufika alfajiri, kupokea magazeti, kuyapanga kwa mpangilio wa usomaji, na kuandika vidokezo vya habari ndogondogo za mikoani. Kila kitu kilikuwa kwenye karatasi moja yenye safu mbili: dakika upande wa kushoto, jambo upande wa kulia. Karatasi ile ndiyo iliyokuwa bosi wetu. Kipindi kikizidi hapa, lazima kipungue pale.

Asubuhi moja rafiki yangu niliyesoma naye alinitumia ujumbe kutoka nyumbani. Boti moja ya dagaa iliyotoka juzi usiku ilikuwa haijarudi. Ndani walikuwemo watu watano. Hakuwa na majina. Nikapiga simu kwa mtu wa serikali ya mtaa, akathibitisha kwamba ni kweli, boti haijaonekana. Nikampelekea mwandaaji wa kipindi, mtu mwema, akanipa sekunde arobaini kabla ya saa 2. Nikaandika sentensi nne.

Mgeni wa studio siku hiyo alizidisha muda. Alikuwa akizungumzia mahusiano, simu zinaingia, watu wanacheka. Mwandaaji akanigeukia, akasema, "Toa kitu kimoja, wewe chagua." Vitu viwili vilibaki kabla ya saa 2: boti, na kipande cha wimbo mpya wa msanii ambaye tayari alikuwa amekaa kwenye kochi la mapokezi na watu wake. Nikaitoa boti. Nilijiambia kwamba itasomwa kwenye taarifa ya mchana. Mchana haikusomwa, na mimi sikuifuatilia, kwa sababu zamu yangu iliisha nikalala.

Jioni mama akanipigia. Alikuwa analia na kucheka pamoja. Mjomba amerudi, akasema. Mjomba yupi, amerudi kutoka wapi? Ndipo nikajua kwamba mmoja wa wale watu watano alikuwa kaka yake mama. Hawakuniambia mapema wasije wakanitia wasiwasi masomoni. Mashine ilizimika, wakachukuliwa na mkondo kuelekea kaskazini, na boti nyingine ya dagaa ikawakuta na kuwavuta hadi Songo Songo. Walikuwa na kiu, basi.

Kwa hiyo hakuna aliyeumia. Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna wepesi fulani katika "hakuna aliyeumia" ambao sikuuamini. Nilipoitoa boti kwenye karatasi sikujua kwamba haitaleta madhara. Nilichagua nikiwa gizani, na katika giza lile watu watano wasio na majina walikuwa wepesi kuliko mtu mmoja aliyekaa kwenye kochi. Yule wa kwenye kochi nilimwona. Tena naona aibu zaidi kwa jambo lingine: nina hakika kwamba ningejua jina la mjomba, nisingeitoa. Maana yake ni kwamba kipimo changu cha umuhimu wa habari kilikuwa ni ukaribu wa damu au ukaribu wa kochi, na yeyote aliyekosa vyote viwili alikuwa sekunde arobaini za kupunguza.

Sikukuu ya Idi iliyofuata nilikwenda nyumbani. Nilimkuta mjomba barazani anashona nyavu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanitengea mkeka. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kushona.

"Saa 2 kasoro, ndiyo mngetutangaza?" akauliza.

"Ndiyo, mjomba."

"Saa hiyo nani wa kututafuta alikuwa mbele ya televisheni? Wenye boti wote walikuwa pwani, mnadani, wanapigana na madalali. Waliotupata walipata habari kwa mdomo. Usijitese, mwanangu. Hata ungesoma, isingetufaa kitu."

Nikashusha pumzi. Kisha akakata uzi kwa meno, akaongeza: "Lakini ungesoma tu. Dada yangu alikuwa nyumbani. Angesikia kwamba huko nako wanajua."

Maneno hayo mawili ya mjomba yamekaa kichwani mwangu kama watu wawili wasiopatana. La kwanza linahusu kufaa. Habari ina kazi: imfikie mwenye uwezo wa kutenda, kwa wakati ambao anaweza kutenda. Kwa kipimo hicho sekunde zangu zisingekuwa na thamani. La pili linahusu kutajwa. Kuna habari ambayo haimsaidii mtu kufanya lolote, lakini inamwambia kwamba msiba wake umehesabiwa kati ya mambo ya nchi. Mama asingeweza kuchukua boti akaenda kutafuta. Angepata tu kujua kwamba hakuwa peke yake na hofu yake.

Ukishika hayo mawili mkononi, kufaa na kutajwa, unaweza kuipima ratiba yoyote ya televisheni.

Tuanze na kufaa. Ratiba ya kipindi cha asubuhi inamkusudia mtu fulani. Anaamka saa 11, anatoka saa 12, anahitaji kujua njia ipi ina foleni, mvua itanyesha au la, mkubwa gani kasema nini ili asiwe mjinga ofisini. Mtu huyo yupo, ni wa kweli, na nimekuwa yeye. Lakini pwani ya Kilwa na Lindi saa zinakwenda kwa amri nyingine. Mvuvi wa dagaa anatoka jioni siku za giza, anarudi alfajiri, anauza, analala mpaka mchana. Mbalamwezi ikiwa kubwa hatoki, maana taa zake hazina kazi. Wanawake wanaotafuta pweza miambani wanafuata bamvua. Maji yakitoka sana, mara nyingi ni majira ya saa 4 asubuhi, na kila siku saa inasogea. Kwa mtu wa namna hii, "asubuhi" si kipande cha siku chenye mipaka isiyobadilika. Wiki moja ni muda wa kulala, wiki nyingine ni muda wa kazi ngumu kuliko zote.

Sasa tazama hoja iliyotolewa nchini Januari 2016. Serikali, kupitia kwa Nape Nnauye aliyekuwa waziri wa habari, ilieleza kwamba TBC haitarusha tena mikutano ya Bunge moja kwa moja kama ilivyozoea. Sababu kubwa ilikuwa gharama. Lakini kulikuwa na sababu nyingine iliyotajwa: vikao vinafanyika mchana, wakati ambapo watu wengi wako kazini. Badala yake ungekuwapo muhtasari wa usiku, kipindi kilichoitwa Leo Katika Bunge. Wengi walibishana kuhusu uhuru, na walikuwa na haki ya kubishana. Mimi, miaka mitatu baadaye, nilikuja kuiwaza ile sababu ya pili. Mchana watu wako kazini. Watu gani? Saa 8 mchana mjomba wangu yuko nyumbani, ameamka, ameoga, ana muda wa kusikiliza mbunge wake akiuliza swali kuhusu bei ya mafuta ya boti. Saa 4 usiku yuko baharini. Sentensi iliyosikika kama ukweli wa kawaida kabisa ilikuwa tayari imeamua kazi ni nini, na mfanyakazi ni nani.

Hapo ndipo naona kosa la kimaadili katika ratiba nyingi, na linajificha vizuri kwa sababu halina mtu mbaya ndani yake. Hakuna aliyekaa akasema wavuvi wasisikie. Kuna tu picha ya mtu mmoja kichwani mwa mpangaji, na picha hiyo imerudiwa mpaka ikaitwa "watu". Hata mimi, mtoto wa Kilwa, nilipokabidhiwa karatasi ya safu mbili nilimpangia mtu wa Kimara.

Sasa kutajwa. Mei 2017 waziri aliyefuata, Harrison Mwakyembe, aliviagiza vituo vya redio na televisheni visisome habari za magazeti kwa undani asubuhi. Viishie kwenye vichwa vya habari, ili anayetaka kujua zaidi anunue gazeti. Ukiwa na kampuni ya magazeti hoja hiyo ina mantiki. Mwandishi ametumia nauli, muda na akili, kisha mtu mwingine anaisoma kazi yake yote hewani bure kabla gazeti halijafika kwa muuzaji. Huo si uadilifu, na mimi niliyepanga magazeti yale mezani sikuwahi kufikiria kwamba nilikuwa nikigawa jasho la watu.

Lakini hoja hiyo nayo inamjua mtu mmoja tu: yule anayeweza kutoka nje akavuka barabara akanunua. Kilwa Masoko iko takribani kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Hata baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, gazeti la utotoni mwangu lilishuka kutoka kwenye basi mchana, likiwa na vumbi, na nakala zenyewe za kuhesabu. Kwa mzee wa mgahawani, yule mtangazaji aliyesoma aya mbili tatu hakuwa mshindani wa gazeti. Ndiye aliyekuwa gazeti.

Benedict Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu mataifa, anaeleza jinsi kusoma gazeti lilelile asubuhi ileile kulivyowafanya watu wasioonana wajione kuwa taifa moja. Nilipoisoma hoja hiyo chuoni niliipenda, kisha nikacheka peke yangu. Sisi basi tulikuwa taifa la alasiri. Wenzetu walikuwa wamekwisha kukasirika, kucheka na kusahau, ndipo sisi tunafungua ukurasa wa kwanza. Televisheni ndiyo iliyotuleta kwenye saa yao. Na hilo lina thamani. Sitaki kuandika kana kwamba wale wanaume waliowapa pole watu wa Dar walikuwa wamedanganywa. Huruma yao ilikuwa halisi. Kujua shida ya mtu usiyemfahamu ni sehemu ya kuwa raia pamoja naye.

Tatizo ni kwamba pole ile ilikwenda upande mmoja. Sikumbuki hata asubuhi moja ya utoto wangu ambapo watu wa Kimara waliambiwa kwamba leo Kilwa upepo ni mkali, boti hazikutoka, kwa hiyo watoto wengi hawatakuwa na fedha ya daftari wiki hii.

Mtu anaweza kunijibu, na ni jibu zito: kipindi kina saa tatu, nchi ina wilaya zaidi ya mia moja. Ukitaja kila bandari, kila mnada na kila kijiji, umetengeneza orodha, hujatengeneza kipindi. Isitoshe, matangazo ya biashara ndiyo yanayolipa taa za studio, na mtangazaji wa biashara anataka watu wenye kipato, na watu wenye kipato wengi wao wako kwenye ile foleni. Mtu hana haki ya kudai atajwe na kila mtu afunguaye kinywa.

Nakubali nusu. Kwa mtu binafsi, hakuna deni la kutajwa. Jirani anayeniletea habari za ukoo wake halazimiki kuuliza za kwangu, ingawa angefanya vizuri kuuliza. Lakini kipindi cha asubuhi hakianzi kwa habari. Kinaanza kwa salamu. Mtangazaji anatazama kamera anasema habari za asubuhi Mtanzania popote ulipo. Na sisi watu wa pwani tuna sheria kuhusu salamu ambazo hata mtoto anazijua. Ukiingia barazani wamekaa watu kumi, husalimii mmoja unayemjua ukawaacha tisa. Unatoa salamu kwa wote, kisha ndipo unaongea na uliyemfuata. Ukimsalimia mmoja tu, hao tisa hawatakuambia kitu, ila umeshawaambia wewe. Na ukisalimia wote, umejifunga: yeyote kati ya hao kumi akikuuliza jambo, huwezi kujifanya hukumwona. Kituo kingesema wazi, "Habari za asubuhi mkazi wa Dar," nisingekuwa na la kudai. Kikisema Mtanzania popote, kimetusalimia na sisi, na anayesalimia amepokea wajibu.

Kuna mahali pengine ambapo tumekataa kupangiwa saa na mji mwingine, nasi hatuoni ajabu. Mwezi wa Ramadhani televisheni huadhini magharibi kwa saa za Dar es Salaam. Sisi tuko kusini yake na mashariki kidogo, na kwa kadiri ya msimu jua letu linaweza kutofautiana na lao kwa dakika chache. Wazee wetu hawafuturu kwa adhana ya televisheni. Wanasubiri msikiti wa mtaa, tende mkononi, huku muadhini wa kwenye kioo amekwisha kumaliza. Hakuna anayeona kwamba kwa kufanya hivyo wamejitenga na umma. Funga ni moja, jua ni la kila mahali na lake. Nadhani hapo kuna funzo kwa wapangaji wa vipindi: watu wanaweza kuwa kitu kimoja bila kulazimishwa kuwa na saa moja.

Ama kuhusu hoja ya nani analipa taa za studio, nina neno. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, inasafiri kwa bomba mpaka Ubungo kuzalisha umeme. Ndiyo, Ubungo ileile ya foleni. Sehemu ya mwanga unaomwangazia mtangazaji anapotupa pole za foleni ilitoka chini ya bahari ambamo mjomba alipotelea. Sisemi kwamba kwa sababu hiyo tunadai dakika kumi kila siku. Deni la namna hiyo halipimwi kwa mita ya umeme. Nasema tu kwamba habari ya nani anamtegemea nani ni pana kuliko orodha ya watangazaji wa biashara.

Na inawezekana kufanya vingine. Nimeiona. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuwa kinasogea kwenye pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa siku kadhaa kabla, na taarifa zile hazikusubiri zamu kwenye karatasi ya safu mbili. Zilikuwa asubuhi, mchana, usiku. Kwenye televisheni, redio, simu, na vipaza sauti vya misikiti. Mjomba aliisikia mara nne kwa siku moja kutoka sehemu nne, akapandisha boti juu kabisa. Tarehe 4 Mei upepo na mvua vikaja, na barabara ya Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga na kwingineko, mabasi yakakwama. Siku zile Kilwa ilitajwa kila asubuhi. Mama alinipigia akasema, "Tunaonekana." Alikuwa na hofu, lakini nilisikia kitu kingine katika sauti yake, na kilinihuzunisha kuliko hofu. Ilikuwa imebidi barabara ikatike.

Siku zile umbo zima la kipindi lilipinda. Habari ilirudiwa kwa sababu aliyelala asubuhi angeamka mchana. Bahari ilitajwa kwa majina ya sehemu zake. Mtazamaji aliyekusudiwa hakuwa na foleni, alikuwa na nanga. Hakuna sheria ya televisheni iliyovunjika, na matangazo ya biashara yaliendelea. Kumbe karatasi ile ya safu mbili inaweza kuandikwa upya ikiwa mwenye kalamu ameamini kwamba aliye mbali yuko hatarini. Ninalouliza ni kama tunaweza kuamini hivyo wakati hakuna kimbunga: bahari ikiwa mbaya siku ya kawaida ya kusi, boti ikiwa haijarudi, watu wakiwa watano tu na hawana majina.

Sina fomula. Najua mambo madogo. Hali ya bahari inaweza kusomwa pia jioni, kabla watu hawajatoka, si asubuhi tu wakati wamekwisha rudi. Habari za mikoa zinaweza kupewa nafasi ambayo mgeni wa studio hawezi kuila. Na mtu anayepewa kalamu akaambiwa "toa kitu kimoja, wewe chagua" anaweza kujiuliza kwanza kama anachagua kwa uzito wa jambo, au kwa sababu mmoja amekaa kwenye kochi na mwingine haonekani.

Mwaka jana nilipita kwenye ule mgahawa. Televisheni sasa ni bapa, imefungwa ukutani. Mtangazaji alikuwa akieleza kuhusu foleni. Kijana mmoja aliyekuwa na ndoo ya samaki miguuni akasema poleni, kwa mzaha kidogo. Kisha akamgeukia aliyekaa naye akamuuliza, "Nje huko vipi leo?" Mwenzake akachungulia mlangoni, akatazama minazi jinsi inavyoinama, akamjibu.